Kwa nini ndimu ilikata sabuni yangu ya maji?

Swali: Ninatengeneza sabuni ya maji nyumbani kwangu Mbagala na kuwauzia majirani na mama lishe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipika kilo 5 za mafuta ya nazi kwa kilo 1.4 ya potashi, na sabuni ilikuwa laini. Mafuta ya nazi yalipopanda bei nikachanganya nusu kwa nusu na mawese, kipimo cha potashi nikakiacha kile kile. Nimepata lita 25, lakini inachoma mikono. Jirani yangu hutia unga wa asidi ya ndimu kwenye sabuni yake ili kupunguza ukali, nami nikachota lita moja ya kwangu nikaikamulia ndimu. Za mwanzo hazikubadili kitu, ila nilipofika kama ya kumi na mbili sabuni ikakatika kama tui, mabonge ya manjano yakaelea, na ikaanza kunuka beberu. Nimeiweka pembeni, sijaimwaga. Mwanangu wa kidato cha sita anasema sabuni yenyewe inatokana na asidi. Ikiwa ni hivyo, mbona asidi imeiharibu, na mbona ya jirani haikatiki?

Jibu: Vizuri kwamba hukuimwaga, dada yangu, kwa sababu lita hiyo bado ina kazi.

Mwanao amesema kweli, ila ameishia njiani. Sabuni uliyoipika ni chumvi ya asidi, yaani asidi iliyokwisha kunyang'anywa haidrojeni yake na potashi. Ulipoikamulia ndimu uliirudishia haidrojeni ile, nayo ikaacha kuwa sabuni, ikarudi kuwa asidi, na asidi ya aina hiyo haikubali kukaa ndani ya maji. Jirani yako anatumia asidi ya ukoo mwingine kabisa, ambayo ikishaiachia haidrojeni yake haiipokei tena kwa urahisi, ndiyo maana unga wa ndimu haumdhuru. Hilo ndilo jibu kwa ufupi. Lakini kwa kuwa una lita 24 zinazochoma na moja iliyokatika, inafaa tulifuate jambo hili hatua kwa hatua, maana ukishaelewa kwa nini sabuni ilikatika utaona pia namna ya kuiponya.

Mafuta, yawe ya nazi au mawese, kwa sehemu kubwa ni molekuli za glisarini ambazo kila moja imeshikwa na asidi tatu za mafuta. Potashi, ambayo kwa jina la kikemia ni potasiamu hidroksaidi, huvunja mshikamano huo sufuriani, ikaiacha glisarini peke yake na kuzichukua asidi zile. Asidi hizo zote ni za ukoo mmoja uitwao asidi za kaboksili, na alama ya ukoo huo ni kichwa chenye atomu moja ya kaboni iliyoshika atomu mbili za oksijeni, ambapo oksijeni moja imebeba haidrojeni. Wanakemia hukiandika COOH. Nyuma ya kichwa kuna mkia wa kaboni, na urefu wa mkia ndio unaotofautisha ndugu mmoja na mwingine. Asidi ya asetiki iliyomo kwenye siki ina kaboni 2 tu kwa jumla, kwa hiyo huyeyuka kabisa katika maji. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote za mafuta ya nazi, ina kaboni 12. Asidi ya palmitiki, ambayo ni kama asilimia 44 ya mawese, ina kaboni 16, na asidi ya oleiki inayoifuata kwa wingi humo ina 18. Hizi za mkia mrefu haziyeyuki katika maji hata ukizibembeleza, mpaka kichwa chake kipokonywe haidrojeni na kubaki na chaji hasi, kwa maana chaji hiyo ndiyo inayopendwa na maji. Molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta ndiyo sabuni.

Sasa, kwa nini haidrojeni ya kichwa hicho hutoka? Hata spiriti ina oksijeni iliyobeba haidrojeni, lakini spiriti si asidi kwa maana yoyote ya maana jikoni. Tofauti iko katika kile kinachobaki baada ya haidrojeni kuondoka. Katika spiriti, chaji hasi inaangukia oksijeni moja peke yake, nayo inalemewa. Katika kundi la kaboksili chaji ile inagawanywa kati ya oksijeni mbili, mithili ya watu wawili waliobeba gunia moja, hata ukipima umbali kati ya kaboni na kila oksijeni utakuta unalingana, kama pikomita 127 kila upande, ilhali katika asidi kabla haijaachia haidrojeni pande hizo mbili hazilingani. Mzigo uliogawanywa hubebeka, na kwa hiyo asidi huona nafuu kuiachia haidrojeni. Wanakemia hupima wepesi huo kwa namba iitwayo pKa, ambayo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa na nguvu. Ya spiriti ni kama 16 na ya asidi ya asetiki ni 4.76, na kwa kuwa kila namba moja ni mara kumi, asidi ya siki inazidi spiriti kwa takriban mara bilioni 100.

Hata hivyo tusiipe sifa kupita kiasi. Tembo la mnazi lililoachwa likageuka siki hukunjisha uso, lakini katika siki ya kawaida yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, molekuli zilizoachia haidrojeni hazifiki 5 katika kila 1,000, na zilizobaki zote bado zimeikumbatia. Asidi za kaboksili ni asidi dhaifu, na udhaifu huo ndio msingi wa mkasa wako. Asidi isiyoachia haidrojeni kwa moyo wote ni asidi inayoipokea tena mara inaporudishwa. Kila unapoweka sabuni ya mafuta mahali penye haidrojeni nyingi, yaani penye pH ya chini, vichwa vitaanza kuzichukua. Kwa molekuli moja iliyo peke yake katika maji, nusu ya vichwa ingekuwa imeshapokea pH inapofika karibu na 5. Lakini molekuli za sabuni haziishi peke yake. Hujikusanya makumi kwa pamoja, mikia ndani na vichwa nje, na vichwa vyenye chaji hasi vilivyobanana husukumana. Kimoja kikipokea haidrojeni, msukumano hupungua na jirani zake wote hupata ahueni, kwa hiyo kupokea huanza mapema zaidi. Ndiyo sababu sabuni halisi ya mafuta huanza kuwa na ukungu ikishuka chini ya pH 9 hivi, na ndiyo sababu anayekuambia kwamba ana sabuni ya mafuta matupu yenye pH 7 ama hajaipima ama si sabuni ya mafuta.

Umesema ndimu za mwanzo hazikubadili kitu. Huo ulikuwa ni upimaji ambao wanafunzi wa kidato cha sita hufanya maabara kwa bureti, ila wewe umeufanya kwa mkono. Ndimu za mwanzo zilikutana na potashi iliyozidi, ambayo haikuwa imepata mafuta ya kula, nazo zikaimaliza kwanza kwa sababu potashi huishinda sabuni katika kugombea haidrojeni. Wakati huo sabuni ilikuwa inapungua ukali bila wewe kuona chochote. Potashi ya ziada ilipokwisha, ndimu zilizofuata zikaanza kuigusa sabuni yenyewe. Laiti ungekoma katikati, kwenye ndimu ya nne au ya tano, lita ile ingekuwa imepona. Nami niseme hapa, kwa sababu watu hukosea mara nyingi, kwamba kilichofanya kazi hiyo si vitamini C. Vitamini C, licha ya kuitwa asidi, haina kundi la kaboksili hata moja. Mtenda kazi ni asidi ya sitriki, ambayo molekuli yake moja ina makundi matatu ya kaboksili na hivyo hurudisha haidrojeni tatu.

Harufu ya beberu nayo ina maelezo yake, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mafuta ya nazi, mbali na asidi ya lauriki, yana asidi mbili fupi zenye kaboni 8 na 10, ambazo kwa pamoja hufikia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya asidi zake. Zikiwa sabuni zina chaji, na kitu chenye chaji hakiruki hewani kikafika puani. Zikirudishiwa haidrojeni huwa huru kuruka, na harufu yake ndiyo hiyo uliyoisikia. Majina yake ya kikemia, kapriliki na kapriki, yametokana na neno la Kilatini la mbuzi, maana asidi hizo zimo pia katika mafuta ya maziwa ya mbuzi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeanza kuufumbua ukoo huu. Mwaka 1811 alichukua sabuni ya potashi iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, akaitia asidi, ikakatika kama ilivyokatika yako, na katika kile kilichojitenga akatambua asidi ambayo haikuwa imejulikana. Aliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, akachapisha kazi yake kubwa juu ya mafuta mwaka 1823, na kabla yake hakuna aliyejua kwa hakika kwamba sabuni ni chumvi ya asidi. Alifariki mwaka 1889 akiwa na umri wa miaka 102. Kwa hiyo jaribio ulilolifanya Mbagala bila kukusudia lina heshima yake.

Tuje kwa jirani. Sijaiona sabuni yake, lakini kwa maelezo yako nina hakika haipiki kwa mafuta. Wengi wanaotengeneza sabuni ya maji Dar es Salaam hununua ule uji mzito wa rangi ya kahawia uitwao salfoniki, wakaupoza kwa soda ash au kostiki, wakaongeza slesi kwa ajili ya povu, rangi, manukato, na mwisho chumvi ya mezani ili iwe nzito. Salfoniki nayo ni asidi yenye mkia mrefu, ila kichwa chake kimejengwa juu ya salfa, na chaji inayobaki baada ya haidrojeni kuondoka hugawanywa kwa oksijeni tatu badala ya mbili. Matokeo yake ni asidi yenye nguvu inayoachia haidrojeni yake yote majini, na hata pH ikishuka mpaka 3 haina haja ya kuipokea. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuteremsha pH mpaka ikaribiane na ile ya ngozi, na ndiyo maana hawezi kukufundisha wewe kufanya hivyo. Usiige chumvi yake pia. Chumvi inayofanya sabuni ya salfoniki na slesi iwe nzito, katika sabuni ya mafuta ikizidi huifanya ijitenge na maji, na viwanda vya sabuni ya mche vimetumia ujanja huo huo tangu zamani ili kuitoa sabuni kwenye maji yenye glisarini.

Swali ambalo hukuliuliza lakini ndilo chanzo cha yote ni kwa nini safari hii sabuni inachoma wakati kipimo ni kile kile. Jibu ni kwamba kilo ya mafuta ya nazi na kilo ya mawese hazina idadi sawa ya vichwa. Mikia ya nazi ni mifupi na myepesi, kwa hiyo katika kilo moja zinaenea molekuli nyingi zaidi, na kila molekuli inadai potashi yake. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 257 za potashi safi, lakini kilo moja ya mawese huhitaji kama gramu 199 tu. Potashi ya dukani kwa kawaida ni kama asilimia 90, iliyobaki ikiwa unyevu zaidi, kwa hiyo kilo yako 1.4 ina kama kilo 1.26 ya potashi yenyewe. Kilo 5 za nazi zilihitaji 1.285, maana yake ulikuwa ukibakiza mafuta kidogo yasiyogeuka, na ulaini uliousifu ulitoka huko. Nusu kwa nusu na mawese mahitaji yameshuka hadi 1.14, na zile gramu 120 zilizozidi ndizo zinazokula mikono ya wateja wako. Hii pia ndiyo sababu siwashauri watengenezaji kupima kwa kikombe. Mizani ya jikoni inayosoma gramu hujilipa kwa mpiko mmoja.

Mawese yatakuletea usumbufu wa pili, nao ni maji. Kama sehemu nyingi za pwani yetu, maji ya visima vya huko huwa na chumvi na chokaa, na kalsiamu iliyomo humo ina chaji chanya mbili, kwa hiyo hukamata vichwa viwili vya kaboksili kwa mkupuo na kuvifunga pamoja kuwa utando mweupe usioyeyuka. Sabuni ya nazi huvumilia maji ya namna hiyo zaidi, na kwa sababu hiyo mabaharia wa zamani walipewa sabuni ya nazi ili waweze kuogea maji ya bahari, lakini ya palmitiki hushindwa mapema. Ukipika kwa maji ya bomba yanayotoka Mto Ruvu, au ya mvua ukiyakinga, utapata nafuu upande wako, ingawa mama lishe anayesuuza vyombo kwa maji ya kisima bado ataona utando. Kwa ajili yake asidi ya sitriki ina faida ya pembeni, kwa maana ikishapozwa na potashi huwa sitreti, ambayo huishika kalsiamu kabla haijaifikia sabuni.

Kwa hiyo, uponyaji wa lita zako. Usinunue potashi nyingine. Ile lita iliyokatika imimine tena ndani ya zile 24, kwa kuwa potashi iliyozidi humo inatosha kabisa kuzipokonya asidi zile haidrojeni yake kwa mara ya pili. Mmenyuko huu hurudi nyuma na mbele bila kinyongo. Pasha moto wa wastani huku ukikoroga, kwa sababu asidi ya palmitiki huyeyuka kwenye nyuzi 63 na ya lauriki kwenye 44, na mabonge yaliyo magumu hayaguswi upesi. Tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli. Ya aluminiamu italiwa na potashi na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Vaa glavu na kitu cha kukinga macho, na ikikurukia ngozini osha kwa maji mengi yanayotiririka, wala usipake siki wala ndimu kwa kudhani utaipoza.

Mabonge yakishayeyuka yote na sabuni ikang'aa, katika zile gramu 120 za potashi iliyozidi zitakuwa zimebaki kama 104, kwa kuwa ndimu zako zilikwisha kumaliza kama 16. Hapo una njia mbili. Unaweza kuongeza gramu 400 za mafuta ya nazi na kuendelea kupika mpaka yapotee, nayo ni njia ya asili ya fundi wa sabuni. Kwa maji ya huko, mimi ningechagua asidi ya sitriki ya unga, inayouzwa katika maduka ya kemikali Kariakoo, kwa sababu ya hiyo sitreti. Gramu moja yake humaliza gramu 0.88 za potashi. Ningeyeyusha gramu 100 katika nusu lita ya maji ya moto, nikaimimina kidogo kidogo kwa mwendo wa uzi huku nikikoroga, kisha nikapima kwa karatasi za pH. Ikisoma kati ya 9.5 na 10, acha. Ikiwa bado iko juu ya hapo, ongeza gramu 5 kwa mara moja, usubiri, upime tena, na ukiona wingu jeupe halitoweki kwa kukoroga ujue umegusa mpaka. Ukipenda kuitia sitriki tangu mwanzo katika mpiko ujao, hesabu kwanza kwamba gramu 10 zake zitakula gramu 8.8 za potashi, uziongeze juu ya mahitaji ya mafuta, la sivyo mafuta yatabaki mabichi.

Kabla hujaifungasha, chota kidogo kwenye kijiko, uiache ipoe, kisha uinuse. Ukisikia harufu ya nazi au mawese tu, asidi zote zimerudi kuwa sabuni. Ukimsikia beberu, zipo zilizo huru bado, rudisha sufuria jikoni.